Sauti ya Nyuma ya Ukuta

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa malori ya Kongo. Safari moja alivuka mpaka hapa Tunduma, na simu yake haikupatikana tena. Lori lilikutwa limeegeshwa vizuri kando ya barabara huko mbele, yeye hayumo. Dada akarudi nyumbani kwa mama, akawa mtu wa kufunga na kuomba. Alikuwa kiongozi wa kwaya. Akianza kuomba, hata wapangaji wenzetu Waislamu walipunguza redio.

Nikamnunulia diski za tamthilia kutoka upande wa Zambia, ili apunguze mawazo. Tamthilia hiyo ilihusu watu wanaoishi kwenye chombo cha angani baada ya dunia yao kuharibika. Kila asubuhi walisimama mbele ya ukuta mweupe, wakaimba, na sauti ya upole ikawajibu: "Nimewasikia. Vumilieni." Dada alikuwa akiitikia "Amina" pamoja nao, na mama, aliyekuwa akichambua maharage, akimcheka.

Siku moja ya mvua tukafika mahali ambapo fundi wa chombo anaubomoa ule ukuta. Nyuma yake kuna mashine tu, iliyowekwa na mababu waliokwisha kufa, iwe inawajibu wajukuu wasikate tamaa.

Dada akazima luninga.

"Mama, mimi huwa najibiwa na nani?"

"Mwanangu, hayo ni maigizo. Mungu si mashine."

"Sijasema ni mashine. Nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Bwana ameniambia mume wangu yu hai. Nani aliniambia?"

Mama akaweka ungo chini. "Tuombe."

"Omba wewe, mama."

Sehemu ya mwisho niliitazama peke yangu. Wale watu waliujenga ukuta upya, wakaendelea kuimba. Nilimsimulia dada nikidhani jambo hilo litamfariji.

"Hilo ndilo baya kuliko yote," akasema.

Alirudisha sare ya kwaya. Mchungaji alipokuja kumwona, dada alimpikia chai, akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, lakini hakurudi kanisani. Shemeji hakupatikana, hai wala maiti. Mama aliendelea kumwombea kila jioni hadi ugonjwa ulipomchukua.

Kwenye mazishi ya mama kwaya ilikuja yote. Walipofika kwenye pambio alilolipenda marehemu, walimgeukia dada ili aanzishe. Alifumbua mdomo, sauti haikutoka. Wakamsubiri kidogo, kisha mwingine akaanzisha.