Kamba ya Semeni

Nikisikia harufu ya kamba ya katani iliyolowa, nakasirika. Ndiyo, mpaka leo, wala sioni aibu kusema. Inanirudisha Kasense, msimu wa baridi, ulezi umeshavunwa na upepo unakata mashambani bila kitu cha kuuzuia, mama ameketi uani anaunganisha vipande vya kamba kuukuu za ng'ombe wa kulimia. Alikuwa anamtengenezea kamba ndefu mbwa wetu, Semeni.

Jina hilo lilitoka kwa baba mdogo, aliyekuwa akiishi nasi. Kwetu mtu akigombana na jirani anaweza kumpa mbwa wake jina la kumchoma huyo jirani, kisha kila jioni amwite kwa sauti. Baba mdogo aligombania mpaka wa shamba na mzee wa nyumba ya pili, mzee akamsema kijiji kizima. Basi mbwa akaitwa Semeni, yaani semeni mpaka mchoke. Haya, sisi watoto tungemwitaje mbwa akikimbilia barabarani, kwenye malori ya mahindi? Ukiita tu, mzee huyo hapo na fimbo, anajua anasemwa yeye. Ndiyo maana mama akasuka kamba. Alimfunga kifuani, si shingoni, asije akajikaba, akaniachia mimi nimpeleke uwandani. Semeni alizurura apendavyo, kamba ikiburuta nyuma yake. Akianza kwenda mbali naikanyaga, naivuta taratibu, napiga mluzi. Akija nampa dagaa waliotoka ziwani, kule Wampembe. Siku zikapita, akaanza kuja kwa mluzi tu, sijaigusa hata kamba. Nilifurahi jamani!

Watu walitucheka. Eti huyo mbwa au mbuzi? Na aliyeona aibu ni baba mdogo, yeye aliyetuletea jina lenyewe! Asubuhi moja mama amekwenda kisimani, baba mdogo akaifungua kamba akamfungia ndama. Semeni akaona kuku ng'ambo ya barabara, huyoo! Nikataka kupiga mluzi, midomo imekauka kwa baridi, sauti haikutoka. Nikaita, "Semeni! Semeni!" Naye akageuka. Alikuwa anarudi. Ninasema tena, mbwa yule alikuwa anarudi! Mzee akatoka na fimbo, anafoka, "Nani tena ananisema?" Semeni akamwogopa, akakimbilia barabarani tena, na lori likampitia. Baba mdogo akasema mbwa ni mbwa tu, tutapata mwingine.  Mama akawa anamwekea shemeji yake chakula bila kumsemesha mpaka ulezi mwingine ukapandwa.

Leo naishi Chanji, na bodaboda zinapita mbio kuliko malori ya wakati ule. Nina mbwa jike, jioni nampeleka uwanjani na kamba ndefu ya nailoni, na vijana wa kijiweni hawana jipya: "Dada, huyo mbwa au mbuzi?" Wacheke mpaka wachoke. Juzi baba mdogo alikuja kunitembelea, mvi tupu. Akaiona kamba, akacheka kicheko kilekile, akainama kuifungua ili mbwa eti apumue.

"Baba mdogo, iache hiyo kamba," nikasema, nimeshaikanyaga.

Akanyanyuka, hana raha. Akauliza mbwa anaitwa nani.

"Njoo," nikamjibu.

Alidhani namwita yeye, akaanza kusogea. Mbwa alikuwa ameshafika miguuni pangu.