Mzizi Uliovuka Maji ya Kilifi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana safari hii ilinichosha na sitaki kuisimulia mara mbili. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mfanyakazi wa maabara Mombasa. Tulikuwa tukichunguza kama dawa za miti huongeza nyongo. Nyongo si ule uchungu unaoharibu samaki tu. Ni maji yanayotengenezwa na ini ili kusaidia mwili kusaga mafuta tunayokula. Panya mweupe hulazwa kwa dawa ya usingizi, akatiwa maji ya mzizi tumboni, kisha mrija mwembamba kama uzi ukatiwa kwenye njia ya nyongo yake na matone yakapimwa kila nusu saa. Ukiwa na subira, hata wewe ungeweza.

Mzizi wetu ulitoka kwa Bi. Kadzo, mganga wa Tezo. Jina la mti silitaji, usije ukauchemsha bure. Mfuko wa kwanza ulifanya matone yakimbizane. Mfuko wa pili, mti ule ule, haukufanya lolote. Daktari, mkuu wangu, akaniambia, "Ijumaa nataka sababu. Ukikosa, kazi hii naifunga, nawe urudi kuosha chupa." Nilikuwa nimeosha chupa miaka sita. Nikapanda basi.

Jumanne, saa mbili asubuhi, nilikuwa kivukoni Kilifi. Wakati huo hapakuwa na daraja; basi liliingia ferini nasi abiria tukasimama kando yake tukivushwa. Nilivuka nikiwa na moyo mweupe.

Tezo, saa tatu na nusu, nilimkuta mkaza mwana wa Bi. Kadzo akipukuchua mahindi.

"Mama hayupo. Kaenda Takaungu kumkanda mzazi, mwanamke aliyejifungua juzi."

Takaungu! Nilikuwa nimeipita njia panda yake asubuhi ile ile, kabla ya kuvuka.

"Ungeuliza njiani," akasema.

Ningemuuliza nani, nguzo za simu?

Kivukoni tena. Mfunga minyororo wa feri alinitambua. "Bwana, mbona warudi? Umesahau kitu?"

"Nimesahau akili."

Takaungu nilifika adhuhuri, baada ya kutembea kutoka barabara kuu na mchanga umejaa viatuni. Bi. Salma, mama yake yule mzazi, alitoka mlangoni.

"Shikamoo, mama. Bi. Kadzo yupo?"

"Marahaba. Ingia kwanza."

"Nina haraka, mama."

"Haraka umekuja nayo wewe, haikuzaliwa hapa. Nawa mikono."

Nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikaongezwa. Nilipoulizia tena, akaniongeza mara ya tatu. Sahani ilipoondolewa ndipo aliposema, "Bi. Kadzo kaondoka tangu alfajiri. Alipita sokoni Kilifi, sasa atakuwa kwake."

"Mbona hukuniambia nilipofika?"

"Ungekula?"

Kivukoni mara ya tatu, mfunga minyororo aliwaita wenzake: "Njooni mumwone! Huyu kesho ataandikwa kazi hapa!"

Alasiri, Tezo. Bi. Kadzo alikuwa akitwanga.

"Marahaba, Bwana Panya," aliitikia kabla sijamaliza kumwamkia. "Hawajambo wanao wenye mikia?"

Nilimweleza yote, polepole, kama ninavyokueleza wewe. Je, mti ulikuwa ule ule? Ule ule. Ulichimbwa saa ile ile? Asubuhi, kama siku zote. Uliukausha kivulini? Kivulini. Hasira zikaanza kunipanda.

"Basi mbona mmoja umefanya kazi na mwingine umelala?"

"Huo uliolala uliupeleka wapi?"

"Mombasa, mama. Kuna kwingine?"

Akaweka mchi chini. "Wewe si uliniambia waenda Malindi!"

Ni kweli. Siku nilipouchukua mfuko wa pili nilikuwa nakwenda Malindi kula Idi kwa shangazi, na mzizi nikarudi nao baadaye.

"Kutoka hapa kwenda Malindi huvuki maji ya chumvi," alisema, kama anayemfundisha mtoto. "Dawa ikivuka maji ya chumvi hulala, ila ukiikinga. Ule wa kwanza niliupaka utomvu wa shubiri, nikauanika, nikaupaka tena. Wa pili ningeukinga wa nini?"

Nikakaa mchangani. Shubiri! Ile inayopakwa titi mtoto anapoachishwa ziwa! Miezi minne tulikuwa tukipima kinga, tukidhani tunapima dawa.

"Mama, mbona hukunieleza?"

"Uliuliza jina la mti, ukauliza umri, ukauliza hata kivuli chake. Nikasema huyu ajua kuuliza. Hukuuliza ya safari."

Nilimwomba vifurushi vitatu: mzizi mtupu, mzizi uliopakwa, na utomvu wa shubiri peke yake. Viwili vya mwisho alinipa. Cha kwanza alikishika kifuani.

"Huu utakufa ferini. Kesho wasema dawa ya Kadzo ni kuni."

"Nitasema ulinionya. Na kama umelala, nitakuja kukuambia mwenyewe."

Akaniachia. Nililala kwake, mzizi ukikauka.

Jumatano nilivuka mara ya nne. Mfunga minyororo hakucheka. Alinipa tu nafasi ya kukaa.

Alhamisi tulipima. Mzizi mtupu: kimya. Mzizi uliopakwa: matone. Shubiri peke yake: matone, karibu sawasawa. Daktari akafuta jina la mti juu ya daftari, akaandika shubiri. Panya watatu hawatoshi kuthibitisha jambo, alisema, ila wanatosha kuendelea. Chupa zikabaki kwa mwingine.

Baada ya wiki mbili nilirudi Tezo kama nilivyoahidi. "Ule mzizi mtupu umelala, mama," nikamwambia. "Si nilikuambia?" akajibu, akaendelea kutwanga. Yeye alishika maji ya chumvi, mimi nikashika shubiri; hakuna aliyemshinda mwenzake.

Nililaumu njia, feri na wali wa Bi. Salma, na kosa lilikuwa katika maswali yangu. Basi nawe ukipewa dawa ya mti, kabla ya kufunga mfuko muulize aliyekupa: tangu ilipochimbwa hadi sasa, umeitia nini, na kwa nini? Andika jibu lake juu ya mfuko, ndipo uondoke.