Nilivyompeleka mama mkwe kuuona Mlima Kenya kabla jicho lake halijafunga

Wakuu, nawasalimu nyote. Haya sikusimuliwa, nilikuwa kwenye usukani mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Wanaonifahamu humu wanajua msimamo wangu kuhusu adabu za ukwe. Nimewakaripia sana vijana wanaopiga selfie wamewakumbatia mama wakwe zao. Kwetu Meru, na kwa ndugu zetu wa Embu, heshima hiyo ni nthoni: mkwe haketi karibu na mama mkwe, hali chakula mbele yake, wala hamgusi.

Miaka kumi na tisa ya ndoa sikuivunja.

Mama mkwe anaishi juu ya Runyenjes, huko Embu, kwenye mashamba ya chai. Presha ya macho ilimaliza jicho la kulia. La kushoto likabaki na tundu dogo, kama la ufunguo. Daktari akasema hata hilo litafunga.

Akaomba jambo moja: akione kilele kwa karibu. Ameishi chini ya mlima maisha yote, ila hajawahi kuvuka geti la msitu.

Mke wangu ni muuguzi. Ndiye angeandamana naye, mimi niwe dereva tu. Asubuhi ya safari akaitwa kazini. Nikasema tuahirishe.

"Baba Kendi," akaniambia, "jicho haliahirishi."

Nikatoka nyumbani Kaaga, hapa Meru, peke yangu.

Nilipofika Runyenjes, Mama mkwe alipanda kiti cha nyuma. Getini askari wa msitu akatutuliza: "Njia ni rahisi. Mkipata tembo barabarani, yeye ndiye OCS, mkuu wa kituo. Mngojeeni."

Kwa wapenzi wa off-road: hii ni njia ya wanaoanza. Barabara ya murram nyekundu, vijito viwili vya maji ya kufika kifundoni, na mteremko mmoja wa tope uliohitaji low range, ile gia ya nguvu. Mianzi imeinama pande zote mbili hadi inapangusa vioo.

Humo mianzini Mama akaniita kutoka nyuma.

"Baba Kendi, umenileta nione mlima ama nione kisogo chako?"

Nikasimamisha gari. Nikamweleza kwamba kiti cha mbele kiko karibu mno na changu.

"Basi toka wewe, niendeshe mimi."

Akahamia mbele. Nilijibana mlangoni hadi bega likauma.

Mianzi ilipoisha tukafika kwenye uwanda wa nyasi. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Tukangoja. Akafungua nduma za kuchemsha na chai. Nikachukua changu nikaenda kula nyuma ya gari.

"Gari lina vioo pande zote," akacheka. "Nakuona hata kwa hili tundu langu."

Ghafla wingu likapasuka.

"Mama, kile pale!"

Akageuza kichwa, chini mno, kushoto mno. "Wapi?"

"Juu ya ule mti mkavu."

"Mti gani?" Ukungu ulikuwa unapanda tena. "Baba Kendi, wapi?"

Sauti haikuwa na mzaha tena.

Wakuu, nilikuwa na mikono miwili isiyojua kazi yake. Kisha nikakishika kichwa chake kwa viganja, juu ya kitambaa, nikakielekeza. Juu kidogo. Kulia kidogo.

Akatulia.

"Usiniachilie," akanong'ona.

Sikumwachilia.

"Kumbe si cheupe chote. Ni jiwe jeusi, kama gego."

Wingu likafunga.

Tukiteremka akaniambia, "Mwambie mke wako nilikaa nyuma."

Nikamjibu kwamba mimi sisemi uongo.

"Basi nyamaza."

Kwa mke wangu nimenyamaza hadi leo.

Nthoni sijaifuta, bado nakula kando. Lakini iliwekwa ili mama aheshimiwe, na lau ningeificha mikono yangu siku ile, ningekuwa najiheshimu mimi. Vijana niliowakaripia humu, huenda baadhi yenu niliwaonea. Mniwie radhi.

Nanyi wenye wakwe, mngefanyaje? Semeni hapa chini, hata kama ni kunikaripia.

Jicho lilifunga mwezi uliopita. Kila asubuhi Mama hunipigia simu kuuliza kama gego liko nje. Nami kabla ya kumjibu hutoka kwanza uani, nikatazama.