Nilivyodanganya wakwe Asembo Bay kwamba saa yangu ni ya maombi

Wakuu, salamu kwenu wote. Haya yalinikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mwanzo wa miaka ya tisini niliugua uti wa mgongo. Miguu ilipona, kibofu kikakataa. Sikusikia mkojo ukija, niliukuta tu kwa suruali.

Nesi mmoja Kisumu akaniambia, "Bwana, usingoje kusikia. Saa ndio kibofu yako sasa." Nikanunua digital watch, nikaiset ilie kila baada ya masaa mawili. Ikilia naenda, nisikie nisisikie. Ilinisaidia sana.

Shida ikaja siku ya kujitambulisha kwa kina Akinyi, mchumba wangu, Asembo Bay. Watu wa kwetu mnajua, mkwe haonekani akielekea choo cha ukweni. Na nilimpenda huyo msichana vibaya. Nikijilowesha pale, ndoa imekwisha.

Kuku iko mezani, saa ikalia.

Baba Akinyi, mzee wa kanisa, akauliza, "Hiyo ni nini?"

Maneno yakaniponyoka. "Ni saa ya maombi, Baba."

Nikatoka hadi nyuma ya ua, nikamaliza kazi. Kurudi, wananiangalia kama askofu. Mama Akinyi akaniongezea paja la kuku.

(Hilo paja nililila kwa dhambi kabisa.)

Saa ikalia mara ya pili. Mzee akachukua fimbo yake. "Leo tunaomba pamoja."

Tukasimama kwa ua, amefunga macho. Akaombea ziwa, samaki wa omena, wajane, serikali. Alipofika kwa wagonjwa, mimi nilikuwa nimelowa hadi soksi. Aibu ilinishika nikalia, nikamweleza yote.

Mzee akafungua macho. Halafu akasema polepole, "Mimi tangu stroke sijaenda kanisa. Watu wanasema nimerudi nyuma. Kumbe naogopa tu kulowesha benchi."

Akaangalia mkono wangu. "Hiyo saa, unaiset aje?"

Nikaivua, nikamfunga pale pale. Ng'ombe za mahari zilifuata baadaye.

Nilichojifunza: ukiwa na stroke, mgongo, hata sukari, ongea na nesi mapema. Mimi kuficha kuliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Haya, na wewe uliwahi kudanganya nini ukweni? Weka hapa tucheke.

Nimesahau: Jumapili iliyofuata ile siku ya kujitambulisha, katikati ya mahubiri, saa ililia. Mzee akainuka, akatoka kichwa juu, na nusu ya kanisa, iliyokwisha kusikia kwa Mama Akinyi habari za saa ya maombi, ikamfuata nje kuomba.