Sura ya Mama Gazetini

Miaka ile ya ruksa, magazeti yalipoota kama uyoga, Nathaniel wa Mwanza alichora katuni za mwendesha mashtaka aliyechoka kushindwa kesi hata akawa anavaa kinyago na kuwaadhibu wahalifu mwenyewe. Alipohitaji mchawi, alimpa sura ya mama yake, Sabina, aliyoweza kuichora bila kuitazama, pamoja na macho mekundu ya moshi wa kupikia kwa samadi, ambayo kwao huhesabiwa alama ya uchawi.

Gazeti likafika Usagara, kijijini kwa mama. Majirani wakaacha kumsalimu Sabina.

“Mwanangu, mwambie huyo mtu wako wa kinyago anisafishe,” Sabina akamwambia Nathaniel.

Toleo lililofuata, mwenye kinyago alimpigia magoti yule bibi, akamwomba radhi.

“Mnaona?” wakasema majirani. “Hata huyu kesharogwa!”

Sabina alikikimbia kijiji, akafia Kiseke, pembezoni mwa jiji la Mwanza, katika chumba cha kupanga, mbali na kaburi la mumewe.