Mhina Hakumlaani

Nakumbuka mchana mmoja wa masika pale Korogwe, nimebeba bakuli la bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, nampelekea mume wangu chakula gereji. Nilikuwa mke mchanga bado, hina ya harusi haijanitoka vizuri kuchani. Mwanangu, wewe uliyeanza ufundi wa magari kule Handeni mjini, unayerudi hapa Sindeni kila jioni ukijisifu kwamba umeme wa gari ni mchezo, hebu kaa unisikilize. Sitakuchelewesha sana, ingawa unajua mdomo wangu ukifunguka haufungi upesi.

Mume wangu huyo wa kwanza aliitwa Rajabu. Alikuwa fundi umeme, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kucheka, na watu walimpenda kwa yote mawili. Akitaka kujua kama waya una moto, yaani umeme unapita, hakutafuta kipimo. Aliugusa kwa kidole, au aliugusisha kwenye bodi ya gari aone cheche. Mafundi wote wa pale walifanya hivyo, maana betri ya gari haimrushi mtu, nao walishazoea.

Ndipo yakaanza kuingia magari yenye taa zile nyeupe kali, za zenoni. Taa hizo haziwashwi na umeme wa betri kama ulivyo. Kuna kisanduku kidogo kinachoukuza ule umeme mpaka unafika maelfu ya volti, ndipo balbu inawaka. Aliyelijua hilo pale ni Mzee Mhina, fundi wa kibanda cha jirani, mtu mkali asiyejua kubembeleza. Siku chache kabla ya mchana ule wa bakuli alimkuta Rajabu anachokoa taa ya namna hiyo huku swichi imewashwa.

"Zima, chomoa betri, usubiri," akamwambia.

"Mzee wangu, volti kumi na mbili zimuue nani?" Rajabu akacheka.

"Endelea hivyo hivyo. Utakufa, Rajabu. Utakufa, nakwambia!"

Gereji nzima ilisikia. Jioni Rajabu alinisimulia, akamwigiza mzee wa watu mpaka sauti, nami nikacheka naye.

Sasa mchana ule wa bakuli, adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaita. Rajabu alikuwa ametawadha, mikono inachuruzika maji mpaka viwikoni, miguu haina viatu, udongo umelowa. Akaja mtu anapanda mlimani Lutindi, ana haraka, ukungu umefunga kule juu na taa yake moja imekufa. Rajabu akasema amalize hiyo kwanza ndipo akasali. Aliiacha swichi imewashwa, ili akichomeka tu aone inawaka. Akapeleka mkono nyuma ya taa.

Nilisikia mlio mkavu, kama kijiti kimevunjwa. Akarushwa nyuma, kisogo kikagonga kipande cha reli ya toroli la shamba la mkonge, kile walichokuwa wakinyooshea vyuma. Bakuli likanitoka. Nilimpakata kichwa, nikamwita, akanitazama bila kunijua. Hospitali tulifika na maiti. Mpaka leo nina hasira naye, Mungu anisamehe, na mpaka leo namlilia.

Kwenye matanga nilikaa eda chumbani, nawasikia wanaume barazani. Walisema umeme wa gari hauui mtu, wao wameushika miaka yote, kwa hiyo pana mkono wa mtu hapa. Mmoja akakumbusha: si Mhina alimtamkia kifo mbele ya watu? Baba mkwe akaanza kuuliza waende kwa mganga yupi. Kwetu huku, mwanangu, unajua neno la uchawi linavyowaka haraka.

Nikasema nyuma ya pazia, "Baba, Mzee Mhina hakumlaani. Alimwonya. Rajabu mwenyewe alinisimulia, na siku ya kifo mimi nilikuwepo. Swichi ilikuwa imewashwa, na Rajabu mikono yake ilikuwa imelowa."

"Mwenye eda hajibizani na baraza," baba mkwe akajibu, wakaendelea na maneno yao.

Wateja wakamkimbia Mhina. Vijana aliowafundisha kazi wakapita mbele yake bila shikamoo. Halafu akakuta kibanda chake kimebomolewa, vyombo vimetupwa mtaroni. Akahamia Mazinde. Eda yangu ilipoisha nilimfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa ulinitetea."

"Nilisema, mzee."

"Wakasikia?"

Nikamwambia hapana. Akaingia ndani, akatoka na taa mbovu ya zenoni, akanikalisha na kunifundisha kila kitu kana kwamba mimi ndiye fundi. "Mimi hawatanisikiliza tena," akasema. "Wewe useme." Alifia huko huko, na kutoka Korogwe hakuna aliyekwenda kumzika ila mimi.

Kwa hiyo nasema. Kabla hujaigusa taa ya zenoni, zima taa, zima gari, toa ufunguo, uchomoe waya hasi wa betri. Kisha subiri. Nenda kanywe chai, taa ipoe na kile kisanduku kitulie, maana umeme hubaki ndani hata baada ya kuzima. Mikono iwe mikavu, miguu iwe na viatu, uvae glavu na miwani. Kisanduku kilichopasuka au kuingia maji usikifungue, badilisha. Balbu mpya ishike kwenye kitako, kioo chake usikiguse kwa vidole, mafuta ya mkono huipasua ikipata moto. Usiiwashe ukiwa umeishika nje ya gari. Ile iliyokufa usiivunje wala usiwape watoto waichezee, ina sumu ndani. Rudisha kila kitu mahali pake, ndipo urudishe betri, ndipo uwashe. Mwenye gari mwenye haraka mwache asonye.

Na akitokea mzee mkali akakufokea, mwanangu, usimwigize sauti. Mimi mwenyewe leo nakutamkia, na nduguzo wote wanasikia: ukiishika taa hiyo ikiwa imewashwa, utakufa. Mungu akulinde, akupe mikono mikavu na moyo wa kusubiri, akurudishe kila jioni ukikute chakula changu kingali cha moto.