Mdako wa Mikono Miwili

Juzi, nikitoka kupiga alizeti shambani kwa mama mkwe, mgongo ukiniuma, nilikuta mabinti wawili njiani wanagombania mdako, mchezo wa kurusha kijiwe na kukidaka kwa mkono mmoja. Nikamkumbuka mama mdogo.

Mchana mmoja utotoni, nilipomtembelea nyumbani kwake Iguguno, ua lote lilinukia vumbi na alizeti kavu. Kijiwe nilichorusha kiliniponyoka, nikataka kurudia, kama tulivyocheza kwetu Manyoni. Binti yake, Rehema, akakikalia.

"Umekufa! Mwizi wewe!"

Nililia mpaka mama mdogo akaweka chini fimbo yake ya kupigia alizeti. Alichuchumaa penye shimo letu la vijiwe, akarusha kijiwe, akakidaka kwa mikono miwili.

"Umekufa, mama!" tulipiga kelele pamoja, mimi na Rehema.

"Kwetu Misigiri ndivyo tunavyodaka," alisema taratibu. "Hapa ukweni hata ugali wanasema nakosea kusonga."

Tulicheka sana. Nilidhani hajui mdako, basi. Yeye akaokota fimbo, akaendelea kupiga.

Jana jioni mama mkwe alinipokonya mwiko mkononi, akausonga upya ugali wangu. Nilichukua ndoo, nikaenda kuchota maji.